Tohara ya mtoto mchanga na vita ya ndugu: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimeamua kuyaweka yote sehemu moja maana kila mwenye mtoto mchanga wa kiume akinikuta ananivuta pembeni na maswali yaleyale, alafu swali linaanza na tohara ila ukilisikiliza vizuri ni la mama mkwe. Kwa wasionijua, mimi kwetu Masasi, mwenzangu kwao Magu, tunaishi Dar, na kijana wetu wa kwanza tulimtahiri hospitali akiwa na siku ishirini na mbili. Mimi sio daktari, ni mama tu niliyepigwa mawe na pande mbili. Ya kitabibu nitakayoyasema ni yale niliyoelezwa nikayahakikisha, ukiwa na wasiwasi na mtoto wako mpeleke akaangaliwe, usinitumie picha. Narudia, usinitumie picha.

Hivi kwanini ndugu wanawaka hivyo kwa kitu kidogo namna hiyo?

Kwasababu kwao sio kidogo. Chukua kwetu Masasi, uwe Mmakua, Myao au Mmakonde, mtoto wa kiume anaenda jando, anakaa kumbini na wenzie, ngariba anafanya kazi yake, wanafundishwa, wanaimbiwa, siku ya kutoka ananunuliwa nguo mpya na mtaa mzima unakesha kwenye ngoma. Wamisionari walivyokuja waliikuta na ikawashinda kuifuta, mpaka Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Anglikana Masasi kuanzia 1926, akaona bora aiingize kanisani, pakawa na jando lenye padri na sala. Yaani kanisa lenyewe lilinyoosha mikono. Sasa wewe mpigie simu babu aliyetoka kwenye watu hao umwambie mjukuu wako kashatahiriwa huku Dar kwa dakika ishirini, na hakuna hata aliyepiga kigelegele. Unategemea akwambie hongera?

Geukia upande wa Magu. Wasukuma kwa mila zao tohara haikuwemo, baba mkwe wangu ana watoto tisa, ana ng'ombe, ana heshima zake zote kijijini, na wembe haujawahi kumgusa. Mume wangu alienda mwenyewe ukubwani kwenye zile kampeni za tohara zilizoanza kupita mikoa ya kanda ya ziwa miaka ya 2010 hivi, wanapiga hema, mnapanga foleni mnapewa namba. Alienda na rafiki zake na nyumbani hakusema. Kwaiyo ukimwambia mzee kwamba mtoto anatahiriwa ili awe mwanaume kamili, mwenzako anasikia kitu kingine kabisa, anasikia kwamba yeye sio kamili.

Mi ilinichukua muda sana kuelewa kwamba hakuna hata mmoja kati ya hawa wazee aliyekuwa anagombania ngozi. Waligombania mtoto ni wa nani, na nani kaulizwa kwanza.

Sisi wawili wenyewe hatujakubaliana, tufanyeje?

Basi msimwambie mtu yeyote bado. Hata dada yako wa damu. Ndugu wakishajua kwamba baba anataka na mama hataki wanagawana haraka sana, kila mmoja anapata wapambe, na ile iliyokuwa mada ya chumbani inakuwa mechi ya Simba na Yanga.

Sisi tulibishana tangu mimba ina miezi saba. Mimi nilitaka asubiri aende jando kwetu akiwa darasa la pili la tatu, mwenzangu alisema yeye alikatwa ana miaka ishirini na nne na hatamani mwanae aje akumbuke kile kidonda, akanielezea wiki zake za mwanzo za baada ya pale, nikacheka mpaka nikalia, ila nikamuelewa. Kilichotusaidia ni kwenda kliniki pamoja tukamuuliza nesi mambo ya kawaida tu, muda, gharama, hatari. Akatuambia kwa mtoto mchanga wanapenda kufanya ndani ya siku sitini za mwanzo, awe mzima, amefikisha kilo mbili na nusu, ganzi inachomwa palepale na kidonda kinapona kwa wiki moja hadi siku kumi. Ukichelewa, mtoto akishakuwa wa miezi mingi anarusha miguu, mara nyingi inabidi alazwe usingizi kabisa au asubiri akue. Hapo sasa tukawa tunajadili kitu chenye tarehe, sio kabila langu na kabila lako.

Tuwaambie wazee kabla au baada?

Kabla. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwaiyo nisikilizeni vizuri.

Tulikubaliana kila mtu aongee na kwao. Mwenzangu akapiga Magu siku kumi kabla, wakazozana, wakanuniana, wakaisha. Mimi nikawa naahirisha, leo baba yuko shamba, kesho korosho, keshokutwa mtandao unasumbua, ukweli ni kwamba nilimuogopa. Mtoto akatahiriwa Jumanne. Jumatano shangazi yangu aliyekuja kunisaidia akaandika kwenye grupu la ukoo "Mwali wetu ametoka kumbini salama", na kiemoji cha kucheka. Baba yangu yumo kwenye lile grupu. Hakujibu kitu, akatoka kwenye grupu, alafu kwa wiki tatu simu yangu hakupokea. Mama alikuwa anapokea anasema "baba yako kalala", saa nne asubuhi, mtu wa miaka sitini na nane anayeamka alfajiri kuliko jogoo.

Kuwaambia kabla sio kuomba ruhusa, na muwe wazi kwenye hilo. Ukisema "baba naomba ushauri" wakati mmeshapanga tarehe utakuwa unamdanganya, na akishauri tofauti itakuwaje? Sema "baba, mimi na mwenzangu tumekaa tumeamua hivi, nimeona usikie kwangu kwanza". Na anayesema awe mtoto wa nyumba hiyo. Mkwe asipeleke habari ya namna hii, hata kama ndiye mwenye maneno mazuri.

Mama mkwe analia anasema mtoto atakufa. Nimjibu nini?

Usimjibu na takwimu. Wangu alishuka na basi la usiku kutoka Mwanza, kafika Magufuli Stendi asubuhi na kuku kwenye kapu, hajanisalimia vizuri anataka kumuona mtoto kama yuko mzima. Nilikasirika. Baadaye jioni tukiwa tunachambua mchele akaniambia kuna mtoto wa jirani yao zamani alitahiriwa na mtu wa kupita tu, akavuja damu usiku kucha. Alikuwa anaogopa jambo alilowahi kuliona, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumjibu kuhusu mila.

Nikamuomba twende wote kliniki. Akauliza maswali yake mwenyewe, akaelezwa kwamba mtoto kapewa vitamini K alipozaliwa ili damu igande vizuri, kwamba wanauliza kama kwenye ukoo kuna watu wanaovuja damu sana wakijikata (na kweli hilo ulizeni pande zote mbili, hasa wajomba wa upande wa mama, maana ule ugonjwa wa damu kutoganda mama anaweza kuubeba bila kuumwa na akampa mtoto wa kiume). Akatoka pale ananyamaza. Sio kwamba alikubali, ila aliacha kulia, na siku yenyewe yeye ndiye aliyembeba mtoto kurudi nyumbani.

Nasikia mtoto mchanga hasikii maumivu, ni kweli?

Uongo. Anasikia sana tu. Hata madaktari zamani waliamini hivyo, mpaka miaka ya 1980 kuna watoto wachanga walikuwa wanafanyiwa upasuaji bila dawa ya kutosha ya maumivu. Siku hizi inatakiwa ganzi ya sindano, na wengine wanampa mtoto maji ya sukari anyonye wakati kazi inaendelea. Ukienda sehemu wakakwambia "huyu mdogo hahitaji ganzi", beba mwanao mwende kwingine.

Baba yangu anasema aliyekatwa hospitali hajaenda jando. Ana haki?

Kwa jinsi anavyoielewa yeye, ndio. Jando ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja, kukatwa na kufundwa. Hospitali inakupa la kwanza tu. Mtoto wa siku ishirini na mbili hajafundishwa kitu, hajui heshima wala siri wala rika lake ni nani.

Ila siku hizi hata kwetu mambo yamebadilika, familia nyingi zinapeleka watoto wakatwe zahanati au wanamleta mtaalamu wa afya, alafu ndio kumbini kwa mafunzo, tena wanapanga likizo ya shule ili masomo yasipotee. Kwaiyo kama kwenu wanaumia na hilo, ofa unayoweza kuwapa ni hiyo: kukatwa kumefanyika, mafunzo bado ni yenu. Na uwe unamaanisha. Usimuahidi mzee wa watu jando la 2031 ili anyamaze wakati rohoni unajua mwanao hataenda.

Mimi Mkikuyu wa Nyeri, mume wangu Mjaluo. Nyumbani kwetu wamesema mtoto asipotahiriwa wasimuone. Wewe ungefanyaje?

Dada pole, hii yako ni nzito kuliko yangu. Nitasema ninachokijua. Kwa Wajaluo desturi ya zamani ya kumuingiza mtu utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini, sio tohara. Na kwenye siasa za Kenya hii kitu imefanywa tusi kwa miaka mingi, mtu mzima anaitwa mtoto jukwaani kwasababu ya kabila lake, hadi ikafika kule kwenye vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, kuna wanaume walikamatwa njiani Naivasha na Nakuru wakakatwa kwa nguvu, na wengine walikufa. Sasa baba mkwe wako wa Siaya au Homa Bay akisikia ukoo wa mama "umedai" mjukuu wake akatwe, hayo yote yanapita kichwani kwake kabla hujamaliza sentensi.

Cha ajabu ni kwamba Nyanza yenyewe, kwao Wajaluo, imepokea tohara vizuri sana tangu 2008, baada ya viongozi wa Wajaluo akiwemo Raila Odinga kusimama hadharani kuiunga mkono kama jambo la afya. Vijana walienda kwa maelfu. Kwaiyo uwezekano ni mkubwa kwamba mume wako na ndugu zake hawana shida na tohara yenyewe, shida yao ni neno "kihii", yaani asiyetahiriwa kwa Kikuyu, na aliyelitamka. Mwambie baba yako hilo neno likome kwanza nyumbani mwenu, ndipo mwendelee na mengine. Na uamuzi ukitoka, kule Nyanza usemwe na mume wako kama uamuzi wake na wako. Kama ni tohara ionekane imetoka chumbani kwenu, isionekane imetoka Nyeri.

Mume wangu Mbukusu, hataki kabisa mtoto akatwe akiwa mchanga.

Na hatakaa atake huyo, nakwambia ukweli. Kwa Wabukusu, na ndugu zao Wagisu wa ng'ambo ya pili ya Mlima Elgon kule Mbale, ni mwezi wa nane wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana anapaka matope, anasimama wima mbele ya watu na hatakiwi kupepesa jicho. Rika lake linapata jina na litamfuata mpaka kaburini. Ukimtahiri akiwa mchanga umemtoa kwenye rika. Wapo wanaochagua hospitali, mjini wapo wengi, ila mara nyingi ni mtoto mkubwa anayejitambua. Kama wewe hoja yako ni usafi wa visu, hilo linajadilika, kifaa cha mtu mmoja mmoja, mtaalamu aliyefundishwa, kadi ya pepopunda. Kama hoja yako ni asiumie, hapo mtakuwa mnaongea lugha mbili.

Kwetu ni Waislamu, ugomvi ni siku tu. Bibi anataka siku ya saba, baba anasema akifika miaka saba.

Ugomvi mzuri huu, natamani ungekuwa wangu. Watu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii, kwao kutahiri ni wajibu, na siku ya saba inapendeza maana ndiyo ya akika na kunyolewa nywele, ila haijawa lazima iwe siku hiyo. Ndio maana utakuta Tanga na Mombasa wazee wengi wametahiriwa wakiwa wanajua kusoma juzuu na wanakukumbusha mpaka rangi ya kanga waliyofunikwa. Muulizeni shehe wenu, na muulizeni daktari kuhusu uzito wa mtoto. Kama mtoto ni njiti au ana manjano subirini, akika inaweza kusomwa bila wembe.

Tumeamua kumwacha, akikua aamue mwenyewe. Ndugu wanasema atanuka, atachekwa, hatapata mke.

Tuanze na kunuka. Mtoto anaogeshwa kwa nje tu basi. Ngozi ya mbele kwa mtoto mchanga imeshikana na kichwa cha uume, ndivyo alivyoumbwa, inaachia yenyewe taratibu kwa miaka. Bibi, shangazi, dada wa kazi, yeyote anayemuogesha aambiwe ASIIVUTE kwa nguvu, akivuta anachana na ndipo matatizo yanapoanza. Akishakuwa mkubwa ngozi ikaachia anafundishwa kuiosha mwenyewe kama anavyofundishwa kupiga mswaki.

Kuchekwa, hilo sitakudanganya, inategemea unaishi wapi. Dar, bafu la bweni, watachekana. Lakini wanachekana na kwa masikio makubwa. Kuna baba mmoja aliniambia kijana wake wa darasa la tano alirudi nyumbani akasema mwenyewe "baba nataka", wakaenda, yakaisha, na mtoto anatamba kwamba alikuwa jasiri. Kwaiyo kumwacha sio kufunga mlango, japo akiwa mkubwa kidonda kinachukua muda zaidi, wiki sita hivi mpaka pawe imara kabisa.

Na la mke, jamani, baba mkwe wangu kaoa wawili.

Shemeji kila siku anatuma voisi noti za dakika nane kuhusu ukimwi. Mara tohara inakinga, mara ni njama za wazungu.

Huyu anafowadi tu bila kusikiliza. Kilichopo ni hiki: kulifanyika tafiti tatu kubwa kwa wanaume watu wazima, moja Orange Farm kule Afrika Kusini, moja Kisumu, moja Rakai Uganda, matokeo yakatoka kati ya 2005 na 2007, yakaonyesha tohara inapunguza kwa kama asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Ndio WHO, Shirika la Afya Duniani, ikapendekeza 2007 na zile kampeni zikaanza. Kupunguza sio kuzuia, kondomu iko palepale. Na mtoto wako wa wiki tatu hana haraka na jambo hilo, ana miaka mingi mbele, kwaiyo ukimwi peke yake sio sababu ya kuwahi wala kuwapigia kelele watu waliochagua kusubiri. Faida inayomgusa akiwa mdogo ni UTI, kwa wasiotahiriwa kama mtoto mmoja katika mia anaipata mwaka wa kwanza, kwa waliotahiriwa inakuwa nadra zaidi.

Hata madaktari wa watoto wa nchi kubwa hawajakubaliana. Wamarekani 2012 walisema faida zinazidi hatari ila hazitoshi kusema kila mtoto afanyiwe, wazazi waamue. Wakanada 2015 wakasema hawapendekezi kwa kila mtoto. Mtumie shemeji hiyo, akae nayo wiki.

Tuko Ulaya, nyumbani wanasema tunajifanya wazungu.

Kila nchi na lake. Ujerumani mahakama moja ya Cologne mwaka 2012 ilisema kumtahiri mtoto kwa sababu ya dini ni kumjeruhi, ikaleta kelele kubwa, mwaka huohuo Desemba bunge likapitisha sheria inayowaruhusu wazazi. Uingereza inaruhusiwa ila NHS, huduma ya afya ya serikali yao, mara nyingi hailipii kama sio ugonjwa, na madaktari watataka wazazi wote wawili wakubali. Wengi mnasubiri likizo ya kuja nyumbani, sawa, ila mtoto atakuwa ashapita zile siku sitini, panga mapema na usimshtukize kwa kuja naye "kumuona bibi".

Bibi anatishia kumpeleka kwa siri nikienda kazini.

Hapa sina utani. Mtoto ni wa wazazi wake, hospitali yoyote inayojielewa itataka sahihi ya mzazi, kwaiyo anayemficha atampeleka asikoulizwa, na huko ndiko kwenye hatari. Kaeni wote wawili mbele yake mumwambie kwa heshima zote, "bibi tunakupenda, hilo usilifanye", alafu mpaka roho zitulie mtoto asibaki naye peke yake. Litauma. Mimi ningekubali liume.

Baba wa mtoto hayupo, ila ukoo wake umeibuka leo unataka kuamua.

Walichangia diapa? Haya. Unayelea ndiye unayeamua. Ila kama jina la ukoo wao mtoto analitumia na unataka awe na pa kwenda kesho, waambie ulichoamua, kwa ujumbe mmoja mzuri, usibishane.

Daktari amekataa kumtahiri, sasa upande wa mume wanasema ukoo wetu una mkosi.

Muulize daktari kaona nini. Mara nyingi ni kwamba tundu la mkojo halijakaa kwenye ncha, liko kwa chini. Wanakataa kwasababu ile ngozi ndiyo inayoweza kutumika kumrekebisha baadaye, ukiikata umetupa kitambaa cha kushonea. Watoto wengi tu wanazaliwa hivyo, inarekebishwa, hakuna aliyelogwa. Huyu asipelekwe kwa ngariba kwa namna yoyote.

Kidonda kila ndugu ana dawa yake. Nifuate ipi?

Yako ni vaselini na chachi safi kama ulivyoelekezwa, basi. Jivu hapana, chumvi hapana, kinyesi cha ng'ombe hapana kabisa, kuna watu wamepata pepopunda kwa kupaka vitu hivyo kwenye kidonda cha tohara. Shangazi yangu alikuja na unga wa mti fulani kwenye karatasi ya gazeti, nikamwambia asante shangazi, nikauweka kabatini, upo mpaka leo.

Siku ya tatu hivi utaona utando wa njano, watu watapiga kelele usaha usaha, mara nyingi sio usaha ni kidonda kinapona. Kama amewekewa kile kipete cha plastiki kinadondoka chenyewe ndani ya wiki hivi, usikivute. Wa kurudishwa hospitali haraka ni yule anayetoka damu isiyoacha kwa kubanwa na chachi, aliyepitisha masaa kumi na mbili bila mkojo, mwenye homa, anayekataa ziwa, au uume umevimba na wekundu unapanda kuelekea tumboni. Hapo usimsubiri mtu wa kushauriana naye, hata mume.

Waliniomba ile ngozi wakaizike. Ni kawaida?

Kwa baadhi ya koo ndio, kama wanavyozika kitovu. Mama mkwe wangu, ambaye mila hii hata sio yake, aliiulizia. Nesi akatuambia inaenda kuchomwa na taka za hospitali, akaona tulivyotoa macho, akaifunga kwenye kipakti akatupa. Imezikwa chini ya muembe kwa jirani maana sisi tumepanga na uwanja wote ni paving. Ukitaka omba kabla, wengine hawatoi.

Na mtoto wa kike, kuna ndugu anasema "haki sawa".

Hapana. Kumkata mtoto wa kike ni kosa la jinai, Tanzania tangu 1998, Kenya kuna sheria yake kamili ya 2011. Sio mada ya ndugu, ni ya polisi.

Mlipatanaje na baba yako mwishowe?

Nilipanda basi na mtoto nikaenda Masasi. Sikupiga simu. Nilifika saa kumi na moja jioni, shikamoo baba, akaitikia anaangalia redio. Nikamuweka mtoto mapajani kwake nikaenda jikoni kwa mama. Tukawa tunachungulia. Alikaa vile kama dakika tano hajamgusa, mtoto akaanza kulia, akambeba, akamtembeza uani, alafu tukasikia anamuimbia wimbo wa kumbini, taratibu, zile nyimbo ambazo mimi mwanamke sitakiwi kuzisikia, mama akanivuta ndani akafunga mlango wa jikoni.

Usiku akaniambia neno moja tu, "ungeniambia". Nikapiga magoti nikaomba msamaha, na kwa kweli hilo ndilo kosa nililoliomba msamaha, la kumkata sikuliombea. Asubuhi akaniuliza mtoto anaanza shule lini, maana anataka kuhesabu likizo.

Mtoto wa pili itakuwaje?

Wa pili keshazaliwa, ni wa kike. Safari hii nilijifanya mjanja, nikawapigia wote siku ileile, Magu saa mbili, Masasi saa mbili na robo, habari njema, mama na mtoto wazima. Saa tatu mama mkwe akapiga tena kuuliza masikio anatoboa nani.